Jinsi ya kupanga ranki ya makocha wakuu wa futiboli ya vyuo Marekani bila kudanganywa na makombe

Kila mwaka ikifika Julai, Agosti hivi, listi za makocha bora wa futiboli ya vyuo Marekani zinaanza kumwagika, na nyingi zimepangwa kivivu, mtu anaangalia nani kabeba ubingwa juzi anamweka namba moja, aliyefungwa fainali namba mbili, anashuka hivohivo mpaka 25, kamaliza, anaenda kulala. Ukimuuliza kwanini huyu kakaa juu ya yule anakwambia "si ana kombe". Haya, twende na njia ambayo mtu akija kukubishia unakuwa na cha kumjibu.

Kwa wale mliozoea soka kwanza niwaweke sawa haraka haraka. Hii ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa yai na helmeti, ila wanacheza madogo wa vyuo sio mapro wa NFL. Daraja la juu linaitwa FBS, lina vyuo zaidi ya 130, vimegawanyika kwenye konferensi (makundi ya vyuo yanayocheza ligi yao), vigogo ni SEC na Big Ten. Msimu unaanza mwisho wa Agosti unaisha Januari, kila timu ina mechi 12 tu za kawaida, alafu tangu msimu wa 2024 timu 12 zinaingia mtoano wa ubingwa (kabla ya hapo zilikuwa 4, na huo mfumo wa timu 4 nao ulianza msimu wa 2014). Na kocha mkuu wa chuo sio kama kocha wa klabu za Ulaya anayeletewa wachezaji na mkurugenzi, huyu ndo anaenda mpaka sebuleni kwa mama wa dogo kumshawishi, ndo anaajiri wasaidizi, ndo anaongea na matajiri waliosoma pale chuoni, na Jumamosi ndo anasimama pembeni ya uwanja. Kwahiyo unapompa ranki unapima kazi kama nne kwa mpigo, ndo maana watu wanachanganya mambo.

Hatua ya kwanza: amua unajibu swali gani

Hii watu wanairuka na ndo inaharibu kila kitu mbele. "Kocha bora" ni nani? Mwenye CV nzito kuliko wote? Aliye kwenye fomu sa hivi? Au yule ambaye chuo chako kikikosa kocha kesho asubuhi ungempigia simu wa kwanza? Hayo ni maswali matatu na yanatoa listi tatu tofauti kabisa. Ukitaka CV ya historia nzima huna hata haja ya kuumiza kichwa, Nick Saban ana ubingwa 7, mmoja LSU (2003) na sita Alabama (2009, 2011, 2012, 2015, 2017, 2020), nyuma yake Bear Bryant ana 6 zote na Alabama, mjadala umeisha mapema. Saban alistaafu Januari 2024 na hapo ndo kiti kikabaki wazi na kelele zikaanza.

Swali ninalolitumia mimi ni hili: chuo cha kawaida, hakina pesa za kutisha, hakina jina, hakina madogo wa nyota tano wanaojipeleka wenyewe, kinatafuta kocha leo, nani atakifikisha mbali zaidi ndani ya miaka mitano? Nalipenda kwasababu linamtenganisha kocha na jengo alilokaa ndani yake. Wewe chagua la kwako ila liandike juu kabisa ya karatasi, maana ukifika katikati utaanza kuteleza, Kirby Smart wa Georgia utampima kwa makombe, Kirk Ferentz wa Iowa utampima kwa miaka, Deion Sanders wa Colorado utampima kwa kelele, mwisho una listi isiyo na kichwa wala miguu.

Hatua ya pili: nani anaingia

Weka walioko kazini tu, tena makocha wakuu. Waliostaafu na waliokwenda NFL toa (Jim Harbaugh alibeba ubingwa wa msimu wa 2023 na Michigan, timu yake mechi 15 haikufungwa hata moja, akaondoka zake kwenda Chargers, kwahiyo hayumo). Alafu weka kiwango cha chini, mimi nataka mtu awe na angalau misimu mitatu ya kuwa kocha mkuu popote pale, sio lazima kiti kimoja. Hapo kwenye "popote" usipauchezee, kazi aliyofanya mtu kwenye daraja la chini ni data pia na utaona baadaye kwanini.

Angalia na mtu yuko wapi sa hivi maana hawa jamaa wanahama usiku usiku. Mwisho wa Novemba 2025 Lane Kiffin aliiacha Ole Miss ikiwa 11-1 (imeshinda 11, imefungwa 1) na inaenda kwenye mtoano, akatua LSU, mashabiki wa Ole Miss nadhani bado wanamlaani hadi leo. James Franklin alitimuliwa Penn State Oktoba 2025, haikupita muda yuko Virginia Tech. Usije ukaandika listi nzuri alafu jina liko na chuo cha zamani.

Hatua ya tatu: kusanya rekodi alafu ivue nguo

Fungua Eksel au chukua daftari, kila kocha mstari wake. Andika ushindi na vipigo vya misimu mitano ya mwisho kwanza, alafu anza kuondoa uongo uliomo ndani. Uongo wa kwanza ni mechi za kulipana: chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo pesa kije kupigwa nyumbani kwake Septemba, 56-3, mashabiki wanakula hotdogi wanarudi nyumbani na furaha. Mechi hizo toa, hazikuambii kitu, labda zile alizofungwa, hizo acha (Saban mwenyewe msimu wake wa kwanza Alabama, 2007, alifungwa na Louisiana-Monroe 21-14 pale pale nyumbani, na Marcus Freeman 2024 alifungwa na Northern Illinois 16-14 uwanjani Notre Dame).

Baada ya hapo gawa rekodi iliyobaki: dhidi ya timu zilizokuwa ndani ya 25 bora za kura ya taifa, na dhidi ya 10 bora. Hapa ndo Franklin anapatikana vizuri. Ukiangalia juu juu pale Penn State alishinda mechi 104, kocha wa maana kabisa, ila dhidi ya timu za 10 bora alikuwa 4-21. Yaani timu aliyotakiwa kuifunga aliifunga karibu kila wiki na aliyelingana naye au kumzidi kidogo alikuwa anamfunga karibu kila mara. Mtu kama huyo sio kocha mbovu, wengi wangemtamani, ila unajua dari yake iko wapi na ranki yako lazima ilionyeshe hilo dari.

Na ratiba nayo. Indiana msimu wa 2024 walimaliza mechi za kawaida 11-1, watu wakapagawa, ila walipokutana na vigogo wawili walipigwa wote, Ohio State 38-15 na Notre Dame 27-17 kwenye mtoano. Waliosema "hawa wamekula ratiba laini" mwaka ule hawakuwa wanaongea pumba. Mwaka uliofuata ndo ilikuwa stori nyingine, tutafika.

Hatua ya nne: toa vipaji (hapa ndo kaa muda mrefu)

Huwezi kumlinganisha mpishi aliyepewa mchele wa Kyela na mbuzi mzima na mwenzake aliyepewa dona na dagaa, alafu ukaonja sahani ukatangaza mshindi. Kabla hujampa kocha sifa ya ushindi jiulize alikuwa na wachezaji wa aina gani. Bahati nzuri hili linapimika, madogo wa sekondari wanapewa nyota kuanzia mbili mpaka tano na kampuni zinazofuatilia usajili, na zipo orodha za wazi kila mwaka za vipaji vya kikosi kizima. Kwa miaka mingi kulikuwa na kanuni moja watu wanaitumia kama msahafu: timu haibebi ubingwa kama zaidi ya nusu ya madogo iliowasajili sio wa nyota nne na tano. Georgia, Alabama, Ohio State wako juu ya mstari huo miaka yote. Ukitaka kujua Georgia walikuwa na nini, kwenye drafti ya NFL ya 2022 (pale timu za mapro zinapochagua madogo wa vyuo kwa zamu) walichukuliwa wachezaji 15 kutoka timu moja, rekodi tangu drafti iwe ya raundi saba, na watano walikuwa wachezaji wa difensi wa raundi ya kwanza.

Sasa unachofanya ni hiki, kwa kila msimu andika timu ilikuwa ya ngapi kwa vipaji na ilimaliza ya ngapi, tofauti ndo unaiweka kwenye safu yake. Timu ya tatu kwa vipaji ikimaliza ya tatu, kocha kafanya kazi yake, sifuri. Timu ya 50 ikimaliza ya 12, huyo mtu ana kitu. Ya tano ikimaliza nje ya 25, hapo una maswali, muulize Dabo Swinney, 2025 Clemson walianza msimu wakiwa wa nne kwenye kura za waandishi wa AP na wakamaliza 7-6.

Ila usikate kila kitu! Kusajili nako ni kazi ya kocha, tena ni nusu ya kazi yenyewe, wale 15 wa Georgia hawakuokotwa barabarani, Kirby Smart alikwenda kuwatafuta mmoja mmoja, yeye kasoma palepale na kucheza palepale na anajua kila shule ya Jimbo la Georgia. Kwahiyo mimi nafanya mgawanyo: vipaji vilivyokuja kwasababu ya jina la chuo (nembo, pesa, jimbo lenye madogo wengi) naviondoa, vilivyozidi kiwango cha kawaida cha chuo hicho namrudishia kocha. Kwa Georgia angalia waliomtangulia walikuwa wanasajili vipi, walikuwa wanasajili vizuri tu, na bado walikaa tangu 1980 bila ubingwa mpaka Smart alipoleta wa msimu wa 2021 na kurudia 2022, ile fainali ya pili wakamchapa TCU 65-7 mpaka watu wanazima tivii mapema. Kwahiyo Smart anarudishiwa pointi nyingi, sio zote.

Alafu ndo anakuja Curt Cignetti kuvuruga karamu ya watu. Huyu mzee alikuwa kocha wa wapokeaji (wale wanaodaka mipira inayorushwa) na bosi wa usajili Alabama chini ya Saban kuanzia 2007, wakabeba ubingwa wa 2009, na mtu angetegemea angesubiri apewe timu kubwa, lakini yeye 2011 akaacha akaenda kuwa kocha mkuu IUP, chuo cha Pennsylvania daraja la pili kabisa ambako hata baba yake aliwahi kufundisha. Akatoka hapo Elon, akatoka hapo James Madison, popote alipokaa hajawahi kuwa na msimu wa vipigo vingi kuliko ushindi. Indiana wakamchukua mwisho wa Novemba 2023 wakiwa wametoka 3-9, na wakati huo hakukuwa na timu ya daraja la juu iliyowahi kufungwa mechi nyingi kama wao kwenye historia yote. Waandishi wakamuuliza anawashawishije madogo waje kwake, akajibu kwa kifupi tu kwamba yeye anashinda, wakamgugo. Msimu wa 2025 akamaliza 16-0 na ubingwa wa taifa, njiani kaifunga Ohio State 13-10 fainali ya Big Ten, Alabama 38-3 pale Rose Bowl, Oregon 56-22, na Miami 27-21 kwenye fainali palepale uwanja wa nyumbani wa Miami. Na kikosi chake cha madogo wa nyota nne na tano ni wa kuhesabu, ile kanuni ya nusu haijui hata imlaze wapi.

Safu yako ya "tofauti" kama haimpi huyu namba kubwa kuliko wote basi fomula yako ina tatizo, irudie.

Hatua ya tano: nani kajenga, nani karithi

Kuna ubingwa wa kurithi na lazima uunuse. Larry Coker alipewa Miami 2001 baada ya Butch Davis kwenda NFL, akashinda 12-0 na ubingwa mwaka wake wa kwanza, kile kikosi kilitoa wachezaji 17 wa raundi ya kwanza ya drafti kwa miaka iliyofuata, waliosajiliwa zaidi na Davis. Kadri watu wa Davis walivyoisha ndivyo ushindi ulivyoisha, 2006 akamaliza 7-6 akafukuzwa. Gene Chizik vilevile, Auburn 2010 14-0 na Cam Newton, 2012 3-9 na kwaheri. Ed Orgeron, LSU 2019 15-0 na Joe Burrow, mwaka uliofuata 5-5. Kwahiyo mtu akija na kombe moja tu mkononi angalia mwaka wa pili na wa tatu baada ya yule kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) kuondoka.

Kipimo changu ni kuangalia miaka miwili kabla ya kocha kufika na mwaka wa tatu na wa nne baada ya kufika. Bill Snyder kwenye hili ndo rula yenyewe: alifika Kansas State 1989 wakiwa wamekaa mechi 27 bila kushinda, sio utani, 27, na alipomaliza alikuwa na ushindi 215 na uwanja una jina la familia yake. Mtu wa leo wa kumpima kwenye rula hiyo ukimtoa Cignetti ni Kalen DeBoer, Washington walikuwa 4-8 mwaka 2021, yeye akaenda 11-2, alafu 14-1 mpaka fainali ya taifa. Watu wa Alabama, alipo sasa, wanamnung'unikia sa hivi lakini hiyo historia haifutiki, na kabla ya hapo pale Sioux Falls daraja la chini alikuwa 67-3 na makombe matatu. Nilisema kazi ya chini ni data.

Na usimhukumu mtu kwa mwaka wa kwanza. Saban 7-6, Smart 8-5, na Swinney mwaka 2010 alimaliza 6-7 kabla hajabeba makombe mawili (2016 na 2018). Kinyume chake pia usimbebe kwa mwaka mmoja wa asali, Mike Norvell na Florida State 13-1 msimu wa 2023, msimu uliofuata 2-10. Mbili kumi!

Hatua ya sita: bahati, na mechi ndogo ndogo

Mechi 12 ni chache, mpira wa yai unadunda unavyotaka. Kwa kila kocha hesabu mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini, yaani tachidauni (bao kubwa) moja na nyongeza yake, maana hizo zinaenda na kurudi. Anayeshinda karibu zote mwaka huu mwakani zitamgeuka, asipokuwa na sababu ya kueleweka. Hata Cignetti, Novemba 2025 kule Penn State zimebaki chini ya dakika moja, kwotabeki wake Mendoza akarusha mpira mwisho kabisa wa uwanja, Omar Cooper akaudaka angani na ncha za vidole vya mguu zikagusa ndani ya mstari, 27-24. Vile vidole vingeangukia nje tungekuwa na msimu mwingine na listi nyingine. Simpunguzii pointi kwa hilo, maana mechi zake nyingi hazikufika huko, alizimaliza mapema.

Hatua ya saba: kaa uangalie maamuzi

Hii huwezi kuipata kwenye Eksel. Kwa wa Afrika Mashariki mechi za mchana za huko zinaanza saa 1 usiku (saa 2 kuanzia Novemba wakirudisha saa zao), hizo angalia bila shida, zile kubwa za usiku zinaanza saa 8 na nusu usiku, hizo tafuta marudio ya dakika 40 asubuhi usijiue.

Usiangalie mpira, angalia dauni ya nne (jaribio la mwisho kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), taimauti, na timu inafanya nini baada ya mapumziko. Chukua mechi mbili za kuzirudia. Ya kwanza Ohio State na Michigan, Novemba 2024, Columbus. Ryan Day ana wapokeaji bora nchi nzima, dogo Jeremiah Smith hakuna wa kumkaba, Michigan wenyewe hawawezi hata kurusha (walimaliza na yadi 62 za kurusha), nguvu yao pekee ni yale majitu mawili katikati ya difensi, Mason Graham na Kenneth Grant. Na Day anafanya nini? Anakimbiza mpira katikati, kwenye yale majitu, tena na tena, kama anataka kuthibitisha kitu kwa mtu fulani. 13-10 Michigan, kipigo cha nne mfululizo kwa hao hao, uwanja mzima unazomea. Ya pili ni mwezi uliofuata, mtoano, Ohio State hao hao wakaachia mpira uruke, Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, Notre Dame 34-23, ubingwa. Wachezaji walewale! Sasa utampa Day pointi ngapi? Mimi nampa za kujirekebisha na namkata za kule kwanza kwa mkono huohuo, maana kocha aliyekuwa na silaha zile muda wote na akaziacha kabatini kwenye mechi kubwa ya mwaka hawezi kuwa na alama kamili za maamuzi.

Linganisha na fainali ya Januari 2026. Robo ya nne, Indiana wanaongoza 17-14, dauni ya nne, wako yadi 12 tu kutoka mstari wa bao, pointi 3 za mguu zipo mezani na kocha tisa kati ya kumi wangezichukua. Cignetti akaita taimauti, akamwacha Mendoza uwanjani, na mpango ukawa kwotabeki mwenyewe akimbie katikati, huyu sio mkimbiaji, akagongwa huku na huku akaruka nao ndani. 24-14. Andika maamuzi kama hayo matatu manne kwa kila kocha, mazuri na mabaya, inatosha.

Hatua ya nane: watu aliowalea

Fupi tu. Angalia wasaidizi wake wameenda kuwa nani na wachezaji wa nyota tatu wangapi kawapeleka NFL. Saban katoa Smart, Sarkisian (Texas), Kiffin, Cristobal (Miami), na kwa Smart katoka Dan Lanning aliyepo Oregon. Kwenye hili Kirk Ferentz wa Iowa, aliyepo pale tangu 1999, anapata pointi ambazo watu wanaomcheka hawampi, ni kweli ofensi yake inaumiza macho, 2023 ilikuwa kichekesho cha nchi nzima na bado akashinda mechi 10, na 2025 akampita Woody Hayes kwa ushindi mwingi zaidi wa kocha wa Big Ten.

Na hii ya Kiffin mnaisomaje? Alipoondoka, Pete Golding aliyekuwa kocha wa difensi akashika timu akaifikisha nusu fainali ya taifa, wakaifunga Georgia 39-34 njiani. Wengine wanasema inaonyesha Kiffin hakuwa wa lazima. Mimi nasoma kinyume, nyumba inayosimama fundi akiwa kaondoka amejenga vizuri, ila nampunguzia kwenye kuondoka kwenyewe maana swali langu linasema miaka mitano na huyu bwana sijui kama unaweza kumfungia kamba.

Hatua ya tisa: weka uzito, jumlisha, panga kwa makundi

Mimi natumia 100: matokeo ukitoa vipaji 35, kujenga 20, mechi kubwa 20, kulea watu 15, maamuzi uwanjani 10. Zamani ningeweka na kusajili madogo wa sekondari peke yake ila sa hivi potali ya uhamisho imebadilisha kila kitu, tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa benchi mwaka mzima na analipwa kihalali kwa jina na sura yake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja. Kwahiyo kujenga ndani yake weka na uwezo wa kwenda na wakati. Cignetti alipohama alibeba wachezaji zaidi ya 10 wa James Madison, akawapanga na wengine, timu ikawa tayari mwaka wa kwanza. Swinney alikataa potali kwa miaka na unaona ilivyomgharimu.

Ukishajumlisha usilazimishe namba kuanzia 1 mpaka 25, tofauti ya pointi mbili haina maana yoyote, weka makundi. Yangu yanakaa hivi sa hivi: juu kabisa Cignetti (88) na Kirby Smart (82), na swali langu likibadilishwa kuwa "nani ungempa Alabama" hawa wawili wanabadilishana viti bila ugomvi. Kundi la pili Day, Lanning, Freeman, DeBoer na Kiffin, wote wako 60 na kitu, Day ana kombe la daraja la juu ambalo wengine hawana lakini karithi nyumba ya Urban Meyer, aliyemtangulia Ohio State, ikiwa na samani zote, Lanning anajenga na kusajili vizuri ila alipofika kwenye mtoano mara mbili kafungwa kwa kuaibishwa, Freeman ndo mwenye nafasi ya kupanda. Kundi la tatu nina Cristobal, Sarkisian, Ferentz, na hapo ndo nimemweka Swinney, najua kuna watu wa South Carolina (jimbo la Clemson) watanitafuta.

Kuna mmoja zaidi wa kumwingiza hata kama hatazunguka kwenye tivii kubwa, Jeff Monken wa Army. Jeshini hakuna kununua mchezaji, hakuna kuvuta nyota wa potali, dogo anayekuja anajua akimaliza anaenda kutumikia jeshi, na 2024 akashinda 12-2 na taji la kwanza la konferensi kwenye historia ya Army. Ukimpitisha kwenye safu ya "tofauti" anatokea juu ya nusu ya makocha wanaolipwa mamilioni kule SEC. Kwenye kundi la tatu yumo, na kama wewe swali lako ni lile lile la kwangu la chuo kisicho na kitu, hata kundi la pili sitakubishia.